Dawa ya Macho ya Saa Nane

Tarehe 3 Februari

Mjukuu wangu Chiriku,

Pokea salamu kutoka kwenye nyumba yenye watu wawili na viti tisa. Mimi nipo, ingawa si mwili wote. Masikio yamestaafu kabisa. Mama Mdogo wako akinipigia kelele kwamba uko kwenye simu, mimi naitikia tu, "Mwambie nampenda," hata kama umeuliza bei ya mkaa. Kwa hiyo tuandikiane. Mkono bado unanitii, hasa asubuhi, na macho yanatosha nikipata dirisha.

Daktari alikuja wiki iliyopita. Ni kijana mwenye adabu, mama yake nilimfundisha hesabu. Alinisikiliza kifua mbele na nyuma, akasema moyo umechoka. Nikamwuliza nikianza kusoma kitabu, nianze kinene au chembamba. Akacheka, halafu akatazama viatu vyake. "Chembamba, Mwalimu," akasema. Nilimshukuru. Wengine wangenidanganya.

Mama Mdogo hajambo. Ananiosha, ananilisha, ananigombeza, na vyote anavifanya kwa mpigo mmoja. Juzi kaniambia, "Mama, uliongoza watoto mia saba, leo kijiko kimoja cha uji kinakushinda?" Nikamwambia wale mia saba hawakuwa wa moto kama uji wake. Alinuna, lakini alikipuliza kile kijiko.

Mwanao Mchwa anaendeleaje? Nasikia ameanza shule. Niandikie kila kitu, hata anavyofunga viatu.

Nina jambo la kukwambia, Chiriku. Nimelianza mara tatu kwenye karatasi nyingine na mara tatu nimechana. Nitaliandika, lakini kwanza nijibu swali. Mwaka jana, siku tulipomzika mama yako, nilikushika mkono pale kaburini. Ulikuwa mkavu na umepasukapasuka, una vidonda kwenye vifundo vya vidole. Ulisema ni unga wa kazini. Sikuuliza zaidi, kwa kuwa haikuwa siku ya maswali. Sasa nauliza. Ni unga?

Bibi yako.


Tarehe 27 Februari

Bibi, shikamoo.

Barua yako imenikuta mzima, na nimeisoma nimesimama kazini, mgongo umeegemea magunia. Unisamehe kuchelewa. Tanuri letu kubwa liliharibika, na fundi akaja siku tatu mfululizo kulitazama kama mtu anayetazama mgonjwa asiye wake. Sasa linawaka. Tunaoka mikate mia tatu kwa siku, na mia nne siku za wikendi. Nimepandishwa cheo, mimi ndiye msimamizi wa kukanda. Cheo maana yake ni kwamba unga ukikosa kuumuka, wa kulaumiwa anajulikana.

Habari ya daktari imenikaa kifuani. Sitaandika mengi juu yake, nisije nikaharibu karatasi.

Mchwa ameanza shule mwezi uliopita. Bado anakula mkate kuanzia ndani, anaacha ganda limesimama kama nyumba tupu, ndiyo maana jina halijamtoka. Viatu anafunga mwenyewe, cha kushoto vizuri, cha kulia anasema "kesho".

Akitoka shule tuna utaratibu wetu. Unaujua, wewe ndiye uliyenifundisha. Viatu vinabaki nje, begi linafutwa, sare inaingia kwenye ndoo, mikono inanawishwa kwa sabuni hadi hesabu ya ishirini, kisha kuoga, ndipo nguo za nyumbani. Baba yake anasema siku hizi hakuna ugonjwa, tunamwosha mtoto kama karoti za kuuza. Namwambia akae kimya, yeye ndiye anayeingia na matope.

Nilikuwa nimeamua nisikuandikie hili, lakini umesema kila kitu. Mwalimu wake aliniita. "Mama Mchwa, kaa," akasema. Unajua walimu wakikukaribisha kiti. Akanieleza kwamba watoto wakicheza duara, wakishikana mikono, Mchwa anaficha yake mgongoni. Mwalimu akamwuliza kwa nini. Akajibu, "Nikimshika mtu nitaondoka na kifo, nikipeleke nyumbani."

"Mama Mchwa, mtoto wa miaka sita maneno haya anayatoa wapi?"

Nikasema, kwenye televisheni. Hatuna televisheni, Bibi.

Umeniuliza mikono. Ni unga. Usiniulize tena, nakuomba.

Msalimie Mama Mdogo, mwambie uji apoze kwanza.

Mjukuu wako.


Tarehe 15 Machi

Chiriku wangu,

Marahaba, na pole na tanuri. Hapa tumepata mvua siku mbili na paa la jikoni limekumbuka pale linapovuja. Mama Mdogo ameweka sufuria chini, mimi nasikia mtikisiko wa matone kwa miguu badala ya masikio. Ndivyo nilivyofika.

Nilisoma ile habari ya duara la watoto, nikaiweka barua mapajani, na Mama Mdogo akaniuliza kama nimeishiwa pumzi. Nikamwambia ndiyo. Sasa naandika lile jambo, na safari hii karatasi haichanwi.

Mwaka ule wa ugonjwa ulikuwa na miaka minane. Mama yako alikuwa muuguzi, wakamfungia hospitalini na wagonjwa wake, akalala hukohuko miezi mitano, nawe ukabaki kwetu. Babu yako kifua kilikuwa kibovu tangu ujana. Macho nayo, baada ya miaka arobaini ya kuchungulia saa za watu, yalikuwa yamepata presha, akabaki kuona vivuli tu. Nilikuwa namtia matone asubuhi, saa nane mchana na jioni. Daktari alisema ugonjwa ule ukimpata Babu, hatamaliza wiki.

Shule zilipofunguliwa nikatunga sheria. Ungepita mlango wa uani, wala usingekaribia mlango wa mbele. Nilitundika daftari la mahudhurio kwenye msumari, na penseli imefungwa kwa uzi. Hatua saba: viatu, barakoa, mikono, begi, sare, kuoga, nguo safi. Kila hatua tiki moja, na mtoto asiye na tiki saba hamwamkii Babu. Nilifanya kazi ya ualimu miaka thelathini na sita, sikujua namna nyingine ya kumpenda mtu.

Babu yako ndiye aliyeugeuza mchezo. Kiti chake kilikuwa ndani, chini ya dirisha la uani, na bomba lako lilikuwa upande wa pili wa ukuta. Ulipofungua maji alikuhesabia kwa sauti, sekunde ishirini za fundi saa, hata moja haikupungua. Ukifunga mapema anakuita, "Wewe mwizi wa sekunde! Rudisha zangu nne!" Nawe unacheka hadi unamwaga maji.

Sasa Jumatano ile. Rafiki yangu, fundi cherehani wa barabara ya pili, alikuwa anaumwa. Unamkumbuka, ndiye aliyekushonea sare. Alikuwa peke yake, watoto wake wamezuiwa kusafiri. Saa tano asubuhi, ulipokuwa shuleni na Babu anasinzia kitini, nilitoka. Nilikaa naye saa mbili. Nilimnyanyua, nikamnywesha maji, nikamfuta uso, nikamshika mkono. Hakuwa na nguvu ya kuzungumza. Aliniangalia tu, kama mtu anayesoma maandishi ya mbali.

Nilirudi kabla ya saa nane. Nikapita mlango wa mbele. Chiriku, sikunawa. Bomba la uani lilikuwa chini ya dirisha lake, na la bafuni lilikuwa linalia kama filimbi. Lolote ningefungua angesikia, angehesabu kwa mazoea, halafu angeuliza nilikuwa wapi. Sikutaka aulize. Nikajifuta mikono kwenye kitenge, nikajiambia nitanawa baadaye. Mara saa nane ikafika. Nikachukua kichupa, nikamshika kope kwa vidole vile vile, nikamtia dawa, jicho la kulia, la kushoto. Hakusema neno.

Jumapili alianza kukohoa. Alhamisi iliyofuata hakuwepo.

Mama yako aliporuhusiwa kuja, alisimama uani na nguo zake za kazi, hakuingia hata ndani. Aliniuliza, "Mama, ilikuwaje? Si mlikuwa mnafanya kila kitu?" Ile Jumatano uliporudi shule niliona sabuni ni kavu na daftari lina tiki saba. Nilijua umeruka. Nikamjibu mama yako maneno matatu tu. Nilisema, "Watoto, unajua tena."

Hakuuliza zaidi, na mwezi uleule akakuchukua mkaenda mbali. Nadhani hayo maneno unayasikia leo kwa mara ya kwanza. Amekufa akiyaamini. Niliyaacha, kwa sababu yalikuwa yananilinda.

Sikuombi kitu. Nimetaka ujue kwamba aliyeleta ugonjwa ule ndani ni mimi.

Bibi yako.


Tarehe 2 Juni

Bibi, shikamoo.

Najua umehesabu wiki. Mama Mdogo amenipigia mara nne, anauliza kama nimekuandikia, anasema unamtuma aende kuangalia sanduku la posta hata siku za sikukuu. Nilikuwa naandika na kuacha. Leo nimefunga mlango.

Huku tuko salama. Mchwa ameota jino jipya mbele. Baba yake amepata safari za karibu, kwa hiyo tunamwona. Unga umepanda bei. Hizo ndizo habari, sasa niseme.

Hayo maneno matatu sikuyasikia kwako kwa mara ya kwanza. Nilikuwa nyuma ya pazia la jikoni, nimeshika kikombe cha Babu kwa kuwa hakuna aliyeniambia nikiweke wapi. Nilimsikia mama akiuliza. Nilikusikia ukijibu. Nikamwona mama, kupitia tundu la pazia, anatikisa kichwa polepole. Njia nzima ya kwenda kule alikonipeleka hakuniambia neno baya hata moja. Alininunulia biskuti. Nilikaa nayo mkononi hadi ikawa unga, nikingoja aniulize, ili nikiri. Hakuuliza mpaka anakufa.

Nikueleze na mimi Jumatano yangu, kwa sababu hujui yote. Jino langu lilitoka darasani. Nilikuja mbio nikiwa nimelishika kwenye kiganja, na damu kidogo. Nilitaka Babu alipapase kabla halijakauka, kwa kuwa hawezi kuliona. Nikachukua penseli, nikapiga tiki saba kwa mstari mmoja kama michirizi ya mvua, nikaingia. Viatu tu ndivyo nilivyovua. Nikaliweka jino kwenye mkono wake. Akaligeuzageuza kwa vidole, akasema, "Hili ni gurudumu la saa ya ukutani, limekosa mafuta." Kisha akauliza, "Wewe mwizi, leo sikusikia maji." Nikamwambia nilinawa polepole. Akacheka, akanirudishia jino langu.

Siku nane baadaye akafa. Wewe una uhakika gani ni mikono yako? Miaka ishirini na nne nimekuwa na uhakika ni yangu. Nimeosha mikono hii mpaka daktari wa ngozi akaniuliza kama nafanya kazi na chokaa. Nilipojifungua Mchwa, nilimwambia muuguzi amweke kwenye kitanda chake kwanza, nikanawe. Alisema, "Dada, mtoto anakusubiri wewe, hasubiri sabuni." Nikaenda kunawa. Hilo nalo nakuandikia ulijue.

Nilikuwa na miaka minane. Wewe ulikuwa mwalimu mkuu.

Nina hasira nawe ambayo sijui niiweke chini wapi. Nataka mambo mawili. La kwanza, nijibu swali la uhakika, bila kunihurumia. La pili, mwambie Mama Mdogo. Yeye naye anaamini ni mimi. Hajawahi kusema, lakini kila nikija kwenu ananiletea maji ya kunawa kabla sijaketi. Hafanyi hivyo kwa mtu mwingine.

Ukishamwambia, niandikie.

Mjukuu wako.


Tarehe 20 Juni

Chiriku,

Marahaba. Hongera ya jino la Mchwa. Mwandiko wangu utauona umelewa, ni kwa sababu nimeegemezwa mito, na kalamu inateremka yenyewe.

Umetaka nijibu bila huruma. Hakuna awezaye kuapa, ugonjwa hauachi jina. Lakini ninalolijua ni hili. Rafiki yangu alikufa Ijumaa, siku mbili baada ya mimi kumshika, kwa ugonjwa uleule. Na wiki ile Babu alipozikwa nilimwandikia mwalimu mkuu wa shule yako, alikuwa msaidizi wangu zamani. Nilimwuliza kama kuna mtoto au mwalimu yeyote aliyeumwa. Alinijibu siku ileile. Darasa lako lote, watoto thelathini na wawili, hakuna aliyeumwa, kabla wala baada. Nyumbani kwao nako hakuna. Nilijua hivyo kabla mama yako hajaja kukuchukua. Ile karatasi niliichoma jikoni.

Kwa hiyo jino lako lilikuwa jino tu, mjukuu wangu. Ulimpa Babu yako kitu cha kuchezea, kikamfurahisha.

La pili. Nimemwambia Mama Mdogo Jumamosi, alipokuwa ananisuka. Nilichagua wakati huo kwa kuwa yuko nyuma yangu, simwoni uso. Nilimwambia yote tangu kutoka hadi kurudi. Mikono yake ilisimama kichwani kwangu. Kisha ikaendelea, akamaliza ule upande uliobaki, akafunga ncha, akakusanya nywele zilizodondoka. Akazunguka mbele, akachuchumaa ili nisome midomo yake. Akaniuliza swali moja, ambalo sitaliandika hapa. Nikageuza uso ukutani. Akaenda jikoni, na uji ukaungua, nikaunusa mimi niliye kitandani.

Tangu siku hiyo analeta chakula, anakiweka, anatoka. Hanigombezi tena. Sikujua kama ningezikosa kelele nisizozisikia.

Jana nilimwona anakuandikia, ila alificha karatasi. Akikuomba msamaha, mpokee, yeye hakukukosea. Aliniamini mimi.

Bibi yako.


Tarehe 19 Julai

Bibi, shikamoo.

Mama Mdogo ameniandikia. Kurasa mbili, na zaidi ni habari za paa. Mwishoni ameweka mstari mmoja, "Yale maji ya kunawa, mwanangu, nisamehe." Nililia kazini, mbele ya watu, nikasema ni mvuke wa tanuri. Wenzangu wakanitania kwamba msimamizi anatia chumvi kwenye unga kwa macho. Ananiambia pia kwamba sasa hukai, unalala tu, na barua hizi unaandika mistari mitano kwa siku. Kwa hiyo sitakuchosha.

Huenda unataka kujua kama nimepata nafuu. Siku niliyopokea jibu lako nilikaa kitandani nikasema kwa sauti, "Si mimi." Nikasema tena. Halafu nikainuka nikaenda kunawa. Mikono haijui kusoma barua, Bibi. Labda itajifunza. Jana nilihesabu hadi kumi na mbili nikafunga maji, nikasimama pale kama nimeiba.

Msamaha bado. Nautafuta, naona umeingia mahali nyuma ya kabati, mkono unagusa lakini haushiki. Sitaki kukudanganya, kama daktari wako asivyokudanganya.

Nimemweleza Mchwa. Nilimwambia zamani kulikuwa na ugonjwa, Babu wa mama akafa, na mama alidhani ni makosa yake, kumbe Bibi alitoka kumwona rafiki yake mgonjwa, akarudi hakunawa, kwa kuwa hakutaka Babu ajue. Nilimwambia sasa anaweza kushika mikono ya wenzake kwenye duara. Akaniuliza, "Hata yule anayetafuna kola ya shati?" Nikasema hata huyo. Akafikiri. Sijui kama atawashika, shule imefungwa mpaka mwezi ujao.

Halafu akauliza swali, nalo nakuletea wewe. Aliuliza, "Kwa nini Bibi hakumwambia tu Babu kwamba rafiki yake anaumwa? Babu alikuwa mkali?"

Nikasema hapana. Babu hakuwa mkali hata kidogo. Angekwambia, pole, nenda kanawe. Ndiyo maana na mimi sielewi, Bibi. Ulimwogopa nini mtu yule?

Mjukuu wako Chiriku.


Tarehe 1 Agosti

Chiriku,

Salamu zako zimefika. Hapa sina habari. Mama Mdogo ananishikia ubao wa kuandikia, na amegeuza uso dirishani ili asisome.

Mchwa ameuliza swali lilelile ambalo Mama Mdogo aliniuliza siku ya kusukwa, ila Mama Mdogo aliliuliza kwa kutaja jina. Alisema, "Na Baba Mkubwa je?"

Baba Mkubwa ni kaka yake Babu yako. Walikua wawili bila wazazi, huyu akimpikia yule. Wiki mbili kabla ya Jumatano ile, kaka alishikwa na ugonjwa, mitaa mitatu kutoka kwetu. Babu yako aliniomba aende kumuaga. Hakuomba kuingia ndani. Aliomba akae nje, chini ya dirisha, amsikie tu, kwa kuwa kuona hawezi. Nilikataa. Nikasimama mbele ya mlango na daftari mkononi, nikamwambia sheria ya nyumba hii ni kwa wote, wa miaka minane na wa miaka sabini. Alikuwa amevaa viatu tayari. Akakaa, akavivua. Siku ya tatu wakamzika, Babu yako akiwa kwenye kiti.

Basi ningeanzaje kumwambia kwamba mimi nimetoka?

Nilikuandikia kwamba siku ile nilipomtia dawa hakusema neno. Si kweli. Nilipomsogelea aliinua pua. Nyumba ya fundi cherehani yote ilinuka mafuta ya cherehani, na fundi saa anayajua mafuta. Aliniuliza taratibu, "Fundi hajambo?"

Nikasema, "Fundi yupi?"

Alingoja kidogo. Naamini alikuwa ananipa nafasi, na bomba na sabuni vilikuwa palepale, upande wa pili wa ukuta. Sikusema. Akasema, "Haya, tia dawa." Akalaza kichwa nyuma kwenye kiti, akafumbua macho yote mawili, akayaacha wazi.

Bibi yako.